Bandari Yenye Kimya: Je, Picha Nzuri Inaweza Kusema Uongo?

Kuna ulizo moja ambalo linaonekana dogo, lakini tangu tulianza kulizungusha kichwani limetunyima usingizi. Mtu akichora bandari yenye kimya, bila kelele, bila watu, bila mizigo, maji yakilala sawa kioo, je, amesema kweli ao amesema uongo?

Tunajua wengine watacheka. Watasema: inchi iko na shida nyingi hivi, barabara, usalama, mishahara ya walimu (hapo tunakubaliana nao kabisa!), na ninyi mnatuletea mambo ya picha? Tunawaomba uvumilivu kidogo. Picha ni ushuhuda. Na katika baraza la wazee wetu, shahidi hakuulizwa tu juu ya yale aliyosema. Aliulizwa pia juu ya yale aliyonyamazia. "Uliona nini? Na kisha? Na nani alikuwa pale?" Mwenye kuruka jina la mtu mmoja alirudishwa nyuma mpaka alitaje. Sasa, kwa nini mchoraji aachiliwe kuruka majina ya watu wote wa bandari, na sisi tumpigie makofi?

Tuanze na kazi yenyewe, maana asiyejua kazi ya mikono anahukumu ovyo. Picha tunazosemea hapa ni zile za rangi za maji, zile tulizoambiwa shuleni kwa Kifaransa kwamba ni akwareli. Rangi inayeyushwa ndani ya maji, inapita juu ya karatasi, inakauka upesi. Mwenye kuchora kwa mafuta akikosea anafunika kosa kwa rangi nyingine, hata mara tano. Mwenye rangi za maji hana bahati ile. Alichoweka kimewekwa. Na jambo la kushangaza zaidi ni hili: kufuatana na desturi ya kazi hii, rangi nyeupe haitumiwi sana. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe, mahali ambapo burashi haikupita. Mwangaza juu ya maji, mawingu, tanga la mashua, povu pembeni ya mawe, vyote hivyo ni sehemu ambazo mchoraji aliziacha.

Mnaona tunafika wapi. Katika picha ya bandari tulivu, ule utulivu wenyewe haukuchorwa. Uliachwa. Ndiyo maana ulizo letu ni juu ya kuacha: ni lini kuacha ni heshima, na ni lini kuacha ni kuficha?

Mufano wa kwanza unatoka mbali, Ufaransa. Paul Signac, aliyezaliwa Paris mwaka 1863 na kufa mwaka 1935, alikuwa mchoraji na pia mtu wa matanga. Alikuwa na mashua zake mwenyewe na alijua bahari. Kati ya 1929 na 1931, akiwa mzee tayari, alizunguka bandari za inchi yake moja kwa moja, karibu mia moja, akizichora kwa rangi za maji. Bandari ya La Rochelle aliipenda sana, aliirudilia mara nyingi tangu miaka ya mbele: minara miwili ya mawe kwenye mlango wa bandari, matanga ya rangi, anga pana. Ukiangalia picha zile moyo unapumzika.

Lakini La Rochelle ni bandari gani? Katika karne ya 17 na ya 18, safari zaidi ya 400 za meli zilitoka pale kwenda kununua watu kwenye pwani za Afrika na kuwapeleka ngambo ya bahari. Zilipita kati ya minara ile ile miwili. Kijana mwenye kusoma historia akiona picha ile nzuri anaweza kukasirika, na hatumlaumu. Atauliza: weupe ule wa maji, nani alilipa bei yake?

Hapo tuangalie vizuri, tusikimbilie hukumu. Signac hakuwa mutu wa kudharau wanyonge. Alikuwa upande wa wafanyakazi, alisaidia magazeti ya wale walioitwa wanarchisti, waliokataa wakubwa na mabwana. Kwa hiyo hatuwezi kusema alichora kimya kwa sababu hakujali mateso. Alichora alichokiona asubuhi ile, na minara haisemi. Mawe hayana ulimi. Kosa, kama liko, tulitafute kwingine.

Tulitafute ku Anvers, bandari ya Ubelgiji, jirani na habari zetu kabisa. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, kijana mmoja karani, Edmund Dene Morel, alitumwa pale mara kwa mara na kampuni ya meli ya Liverpool, Elder Dempster, iliyokuwa na ruhusa ya kubeba mizigo ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Bandari ile ilikuwa na mpangilio mzuri, makaratasi safi, wakubwa wenye adabu. Mtalii angeona mahali pa amani. Morel aliangalia vitu vinavyoshuka na vitu vinavyopanda. Vilivyoshuka: kauchu na pembe za tembo, kwa wingi. Vilivyopanda: bunduki, risasi, maofisa. Bidhaa za kuwalipa watu wa Kongo kwa kauchu yao hazikuonekana, ao zilikuwa kidogo sana. Karani yule hakuwa amekanyaga Kongo. Kwa hesabu peke yake alielewa kwamba kule ngambo watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu, bila mshahara. Aliacha kazi yake, akaandika, akapiga kelele, na mwaka 1904 alianzisha pamoja na wengine chama cha kutetea watu wa Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuachia inchi hii mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. (Kama tulipata nafuu ya kweli kisha 1908, ni mazungumzo ya kijitabu kingine.)

Tunapenda sana habari ya Morel, tunaifundisha kila mwaka. Kwa nini? Sababu inaonyesha kwamba kimya cha bandari kinaweza kusomwa. Wakubwa wa Anvers walikuwa na kimya cha wale wasiotaka kujua. Kila mtu pale aliona masanduku ya bunduki yakipanda, lakini kila mtu aliangalia karatasi yake tu. Kuacha kwao kulikuwa kuficha, hata kama hakuna aliyesema neno moja la uongo. Kwetu wanasema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunaongeza: wakati mwingine anamjua vizuri, ila amegeuza kiti.

Basi kuna kimya cha asiyetaka kujua. Je, kiko kimya kingine? Tunasema ndiyo, na ushahidi wetu ni mtu wa kwetu kabisa.

Bukama iko kwenye mto Lualaba. Wale waliopita pale wanajua. Gari la moshi lilifika Bukama kutoka kusini mwaka 1918, na ndiyo pale mizigo iliacha treni na kuingia masua kushuka mto kuelekea Kabalo na Kongolo. Ilikuwa bandari ya kazi, na kazi ya wakati ule wazee wetu waliisimulia: magunia, filimbi, kiboko, vijana wanaopelekwa kwenye migodi ya shaba. Ni hapo hapo mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro. Mwenye michoro alikuwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za tembo. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, ili michoro isiendelee kuoshwa na mvua pamoja na ukuta. Mke wake Antoinette alichora pia, jambo ambalo watu wanasahau kulisema. Picha zilipelekwa Ulaya, zikaonyeshwa Bruxelles mwaka 1929, Genève mwaka 1930, Paris mwaka 1931. Mwaka 2015 zilionyeshwa tena Paris, katika maonyesho makubwa ya uchoraji wa Kongo tangu 1926. Wachoraji wenyewe hawakualikwa kusafiri pamoja na picha zao, hilo tuliseme waziwazi.

Sasa, Lubaki alichora nini? Aliishi katikati ya kelele za treni na za mto. Lakini picha zake nyingi ni nyama, ndege, mti, watu wachache, wamesimama peke yao juu ya karatasi iliyoachwa nyeupe. Nyeupe nyingi! Hakuna kilima nyuma, hakuna wingu. Chui anatembea ndani ya kimya kikubwa. Pembeni mara nyingi kuna mstari wa rangi kama fremu, sawa mtu aliyefunga kiwanja chake kwa ua na kusema: hapa ndani ni kwangu, kelele zibaki inje.

Je, Lubaki alidanganya kwa sababu hakuchora kiboko? Hakuna hata mmoja wetu angethubutu kumwambia hivyo. Alikijua kiboko kuliko sisi wenye kukisoma kwenye vitabu. Kimya chake ni cha mtu aliyejua yote, na ambaye aliamua kwamba karatasi hii moja haitapewa bwana wa gari la moshi. Tena tukumbuke kwamba kwa Baluba, wenye inchi ile, weupe si utupu. Udongo mweupe, mpemba, ni alama ya baraka na ya usafi, unapakwa pale mtu anapopokea cheo ama anaposimama mbele ya wahenga. Mzungu wa Bruxelles aliweza kuona karatasi ambayo haijamalizwa. Mtu wa kwetu anaweza kuona mahali palipobarikiwa. Hatusemi kwamba Lubaki aliwaza hivyo neno kwa neno. Tunasema tu kwamba macho yetu yana haki ya kusoma kwa lugha yetu.

Kwa hiyo ukubwa wa sehemu nyeupe hauwezi kutuonyesha kama picha ni ya kweli. Lazima tuulize: aliyeacha sehemu hii, alikijua alichokiacha? Na wale aliowaacha, wakisimama mbele ya picha, watasema nini?

Ulizo hili la pili si letu, ni la zamani sana. Plato, yule Mgiriki tunayemfundisha katika darasa la mwisho, aliwashitaki wachoraji katika kitabu chake cha Jamhuri kwamba wanaiga sura ya kitu tu, bila kukijua. Wanafunzi wanakumbuka mfano wa kitanda: kitanda cha kweli katika mawazo, kitanda cha seremala, kitanda cha mchoraji. Lakini wengi wanaruka mistari inayofuata, ambapo anasema kuna ujuzi wa namna tatu, wa mwenye kutumia kitu, wa mwenye kukitengeneza, na wa mwenye kukiiga, na kwamba anayekijua kweli ni mwenye kukitumia. Mpiga filimbi ndiye anamfundisha fundi wa filimbi. Tukileta neno lile huku kwetu: juu ya bandari, profesa wa bandari ni mama mwenye kuuza dagaa.

Na hapo tufike ku Kalemie, maana ni picha ya Kalemie iliyotusukuma kuandika. Wasomaji wa mbali wajue kwamba mji huu, ulioitwa Albertville mpaka mwaka 1966, uko pale mto Lukuga unapotoka katika ziwa Tanganyika, na ziwa hili halina mlango mwingine wa kutokea. Kaskazini yake, Mtoa, ndipo karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilikuwa ikifika, na ndipo pembe na watumwa walivushwa kwenda mashariki. Reli kutoka Kabalo ilifika mwaka 1915. Kwa hiyo, kwa mtu wa Kalemie, neno kimya na neno utulivu si ndugu wa tumbo moja. Bandari ikipiga kelele, watu wamekula: treni imefika, masua imetoka Kigoma ama Uvira, wabeba mizigo wana kazi, mama wa chai ameuza. Bandari ikinyamaza, sufuria zinanyamaza pia. Mgeni mwenye kamera anasema "mahali pazuri pa kupumzika". Mwenyeji anasema: "Leo hakuna kitu."

Tena maji yenyewe hatuyaamini sana. Mwezi wa 12 mwaka 2014, mashua Mutambala, iliyobeba watu na mizigo kupita kipimo, ilizama ziwani, na zaidi ya watu 100 walikufa. Miaka ya karibuni, hasa mwaka 2024, ziwa lilipanda na kuingia katika mitaa ya Uvira, ya Bujumbura na ya Kalemie, watu wakahama na vitanda kichwani. Ziwa linalolala sawa kioo, sisi tunaliangalia kama mtu anavyoangalia mbwa wa jirani aliyelala.

Basi kijana mmoja wa ushirika wetu, mwenye kipawa, alichora bandari yetu kwa rangi za maji, na ikapendekezwa iwekwe ukutani katika chumba cha mikutano. Jua linatoka ngambo, upande wa Tanzania. Ukuta wa mawe, masua moja ya zamani, mitumbwi mitano sita imevutwa juu ya mchanga, nyavu zimeanikwa. Watu: hakuna hata mmoja. Nusu ya karatasi ni maji, na nusu ya maji ni karatasi.

Wanaume walisifu. Wamama walinyamaza, na mmoja, mwenye kununua dagaa pale tangu ujana wake, akasema: "Mutoto wangu, iko muzuri, hatukatae. Lakini bantu bako wapi? Sisi tunakuwaka pale kila siku asubui. Haukutuona?" Kijana akajibu kwa heshima: "Mama, nilifika pale mbele yenu mufike." Mama akasema: "Mbele yetu? Weye! Sisi ndio tunaamshaka ile jua."

Watu walicheka, lakini haikuwa mchezo. Kila mtu wa ziwa anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, na mitumbwi inarudi alfajiri. Saa ile ile ambayo mchoraji aliiweka bila watu ndiyo saa ya fujo kubwa: beseni, kelele za bei, watoto wakiokota zilizoanguka. Kama ni hivyo picha ilikuwa na uongo ndani, tena uongo wa kuwafuta wale wanaolisha mji. Wengine walianza kutoa mashauri. Aongeze wamama watatu pembeni. Aongeze mtumbwi unaofika. Kijana alieleza kwamba rangi za maji hazikubali, akiongeza ataharibu. Na hapa tulikuwa upande wa wamama, hatufichi. Kipawa kisicho na majirani hakitupendezi.

Kisha mzee mmoja mvuvi, ambaye alikuwa hajasema lolote, alisogea karibu na picha, akaiangalia muda mrefu. "Hii ni mwezi mukubwa," akasema. "Angalieni nyavu, zimekauka. Mitumbwi yote iko inje. Usiku ule hakuna taa hata moja ilitoka."

Kwa wasiojua: siku za mbalamwezi taa ya mvuvi haina nguvu, mwangaza wa mwezi umetawanyika kila mahali, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo wakati mwezi umejaa wavuvi wanabaki inchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu, wanalala na wake zao, wanazika wafu waliochelewa kuzikwa vizuri, wanamaliza mashauri. Alfajiri za siku zile bandari iko na kimya kweli kweli. Mama yule yule alikubali: "Eh, mwezi mukubwa, ni kweli, siye hatufikake." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ni siku za madeni pia.

Kijana hakuwa amejua habari ya mwezi. Alifika, akaona, akachora. Burashi yake ilisema kweli ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo, na ilihitaji mzee wa nyavu aisome. Hilo linatupa kazi, sisi walimu, maana tunafundisha watoto kusema "picha ni nzuri" ama "picha ni mbaya" na hatuwafundishi kumwita mvuvi. Na linabakiza ugumu ambao hatujautatua: kama mzee asingekuwa pale siku ile, picha ingekuwa imedanganya? Kweli yake ilikuwa ndani ya karatasi tayari, ao ilizaliwa mdomoni mwa mzee? Tumejadiliana na wenzetu wa falsafa, kila mmoja amebaki na lake. Sisi tunaelekea kusema kwamba ilikuwa ndani, kwa sababu nyavu zilizokauka zilichorwa na mkono uliokuwa mwaminifu hata bila kuelewa. Asiyeelewa lakini hajageuza kiti, hatuwezi kumweka fungu moja na wakubwa wa Anvers.

Picha imewekwa ukutani. Chini yake, kwa penseli, kijana ameandika: Kalemie, asubui ya mwezi mukubwa. Wamama waliomba liongezwe neno juu ya madeni, wanaume wakakataa, wakasema picha si daftari la duka. Mkutano ujao shauri hilo linarudi mezani.